Sehemu Moja Dawa, Sehemu Tatu Maji

“Ile dawa inajua namna gani kama hii ni maumivu, hii ni muguu?”

Dada yangu aliniuliza hivyo akiwa kwenye cherehani yake mtaani Katuba, mguu mmoja juu ya pedali, tumbo la mimba changa bado limejificha nyuma ya meza. Mimi nilikuwa daktari, katika mwaka wangu wa pili wa kujifunza kazi ya ganzi. Nilifungua mdomo nimweleze habari za neva nyembamba zinazobeba maumivu na neva nene zinazoendesha misuli, na jinsi dawa inavyozishika nyembamba kwanza. Maelezo hayo nilikuwa nimeyaandika kwenye mtihani nikapata alama nzuri, lakini yeye hakuwa ananiuliza ya mtihani. Alikuwa anauliza juu ya mguu ule uliokuwa kwenye pedali.

“Sijui, yaya,” nilisema; yaya kwetu ni dada mkubwa.

“Eh! Docta hajui.” Akakata uzi kwa meno. “Miaka yote ile ya iniversité, na hajui. Bon, ukamate mukasi, unisaidie hata kukata mikono ya hii blauzi.”

Swali lake lilikuwa na chanzo. Miaka minne nyuma alikuwa amezaa mtoto wake wa kwanza katika hospitali ile ile ambamo mimi nilikuja kufanya kazi baadaye. Siku hiyo sikuwepo. Nilikuwa mwanafunzi bado, nimetumwa Kilwa yetu ya bara kwa mafunzo, na mvua ilikuwa imekata barabara. Alichomwa sindano ya mgongo, ile inayoitwa peridurali: mrija mwembamba unapitishwa kati ya mifupa ya mgongo, na ganzi inatiwa kidogo kidogo ili mama asisikie uchungu wa kuzaa. Uchungu uliondoka kweli, na miguu ikaondoka nao. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa, kwa maneno yake mwenyewe, gunia la unga wa mahindi lenye kichwa. Walipomwambia asukume, hakujua asukume wapi. Mwisho daktari alichukua ventuzi, kile kikombe kinachobandikwa kichwani mwa mtoto ili avutwe. Mtoto wa kike akatoka mzima, analia.

Nje, kwenye korido, alikuwa anangoja mama mkwe wake. Ni mwanamke wa familia ya zamani ya reli, Mkatoliki wa misa ya alfajiri, na ndani ya mkoba wake alikuwa na kopo jipya la poda. Kwetu, mwanamke akishajifungua, mama mkwe ndiye anayempaka poda ya kwanza shingoni na kifuani. Wengine wanamrushia ya kwao, na anarudi nyumbani mweupe hivyo hivyo ili mtaa mzima uone. Mama mkwe alipoambiwa habari ya ventuzi, alifunga mkoba.

“Ule hakuzala,” alisema. “Banamuzalia.”

Kopo likarudi nyumbani na mfuniko wake. Maneno hayo mawili, hakuzaa, wamemzalia, yakaishi miaka minne. Yalikuja kwenye komunio, kwenye matanga, mbele ya sahani za ugali wa bukari na majani ya sombe. Mtoto alipojua kuhesabu mapema kuliko wenzake, bibi yake alimbeba juu na kusema, kwa upendo kabisa: “Mutoto wa mashini, iko na akili!” Watu walicheka. Dada yangu alicheka pia, kisha akarudi nyumbani akakanyaga pedali mpaka sindano ya cherehani ikavunjika.

Sasa alikuwa na mimba ya pili, na alitaka vitu viwili ambavyo kila mtu alimwambia haviwezi kukaa pamoja. Hakutaka kurudia zile saa za maumivu zilizotangulia sindano mara ya kwanza. Na alitaka kumsukuma mtoto wake yeye mwenyewe.

“Miye haiko gari ya kukokota,” aliniambia. “Unitafutie dawa yenye itaniachia miguu. Kama haiko, nitazala na maumivu, nikufe na yangu.”

Dawa yenye sifa hiyo ilikuwa imefika. Mkuu wetu wa idara alikuwa amepata maboksi machache ya ropivakaini, yaliyopitia mpaka wa Kasumbalesa katika mizigo ya rafiki yake. Sisi tulizoea bupivakaini, dawa ya zamani inayopatikana kila mahali, ile ile aliyopewa dada yangu. Vitabu vilisema kwamba ile mpya inaisumbua misuli kidogo zaidi. Mkuu alitaka tulinganishe hizo mbili kwa akina mama wetu wenyewe, wale waliokubali, ili awaonyeshe wakubwa wa hospitali kwamba dawa mpya inafaa kuagizwa. Kazi hiyo akanipa mimi iwe tasnifu yangu.

Kipimo cha miguu kilitoka kwa muuguzi wetu wa ganzi, mama mwenye umri wa mama yangu na ulimi mkali kuliko sindano zake. Mimi nilikuwa nimechapisha jedwali kutoka kitabuni, lenye michoro ya magoti yaliyokunjwa kwa daraja. Alilitazama, akalikunja, akajipepea nalo. Kisha akachukua kandambili ya mama aliyekuwa kitandani, akaipachika kati ya kidole gumba cha mguu na cha pili.

“Kamata hii, mama. Ikianguka, utarudia nyumbani muguu mutupu.”

Kandambili ikishikwa, mguu upo. Ikianguka, umekwenda. Akina mama walielewa mara moja kuliko walivyoelewa magoti yangu ya kuchora, na wengine walianza kushindana kutoka kitanda hadi kitanda. Kwenye daftari nilichora duara kwa kila kandambili iliyoshikwa na msalaba kwa kila iliyoanguka.

Wiki za kwanza hakukuwa na ubishi. Wa dawa mpya walipata duara, duara, duara. Wa dawa ya zamani, msalaba baada ya msalaba. Uchungu wenyewe ulitulia kwa wote. Mkuu alianza kutembea korido akiimba chini chini. Mimi nilikosa raha. Mambo yakikubaliana haraka hivyo, naanza kuyanusa. Nilikuwa hivyo tangu katekisimu, na padri alikwishamlalamikia mama.

“Nini tena?” mkuu aliuliza aliponikuta nimeinamia daftari.

“Tofauti ni kubwa mno, profesa. Hata vitabu havisemi hivi.”

“Wewe, hata ukipewa maji ya kunywa utauliza yametoka mto gani.”

“Katika mji huu wa migodi, profesa, ni swali zuri.”

Hakucheka.

Kesho yake nilisimama nyuma ya muuguzi akitayarisha sindano. Alivuta dawa mpya kidogo tu, akaijazia maji ya chumvi mengi. Kisha akachukua ile ya zamani, akavuta nusu ya bomba, akaongeza maji nusu, bila kuangalia, kama alivyofanya tangu mimi niko shule ya msingi.

“Mama, juu ya nini hii unaipa maji mingi, na ile kidogo?”

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini sufuria ina mfuniko.

“Mutoto yangu, ile mupya iko kidogo. Tukiitumia mbio, itaisha, na masomo yako itakufa. Minaipima na roho, kama mafuta ya chupa ya mwisho. Ile ingine iko mingi. Juu ya nini niibanie?”

Hakuna aliyedanganya. Mama huyo alikuwa ananisaidia, na alifanya kama tunavyofanya wote: kilicho haba kinanyooshwa, kilicho tele kinamwagwa. Fundi wa nyumba anafanya hivyo kwa saruji yake, na mama yangu kwa sukari. Dawa mpya ilikuwa inafika migongoni nyepesi kwa sababu ilisafiri mbali, na ya zamani ilikuwa inafika nzito kwa sababu kabati lilijaa. Wiki zote hizo nilikuwa nalinganisha nyepesi na nzito, na tofauti hiyo naipa majina ya dawa.

Nilimwendea mkuu na daftari mkononi. Nilimwambia kurasa hizo hazifai, tuanze upya, dawa zote mbili zikaribiane nguvu. Ile ya zamani iwe sehemu moja dawa, sehemu tatu maji ya chumvi. Na mimi nisijue nani amepewa ipi; muuguzi achanganye nyuma ya mlango na aandike kwenye karatasi yake.

“Utapoteza mwaka,” alisema.

“Wiki nyingi nimeshazipoteza, profesa. Naomba tu zilizobaki zisizifuate.”

Siku mbili hakunisalimu. Siku ya tatu nilikuta ombi langu mezani likiwa na sahihi yake.

Tukaanza upya. Kandambili zikaanza kushikwa pande zote. Muuguzi alipofungua karatasi yake mwishoni mwa kila juma, nilikuta duara kwa dawa mpya na duara kwa dawa ya zamani. Misalaba ilibaki michache huku na huku. Labda ile mpya ilikuwa mbele kidogo. Nilihesabu na kuhesabu tena, na sikuweza kuapa. Lakini lile jitu la kutisha, dawa ya zamani inayoua miguu, lilikuwa limepotea ndani ya maji ya chumvi. Nilitembea siku hiyo kutoka hospitali hadi katikati ya mji kwa sababu sikuweza kukaa kwenye kiti cha basi.

Kisha maboksi ya dawa mpya yakaisha. Mengine yaliyoagizwa yalikuwa ndani ya lori, na lori lilikuwa ndani ya ule msururu wa Kasumbalesa, na hakuna aliyejua siku yake. Dada yangu alikuwa ameingia mwezi wa tisa wa mimba.

Nilikwenda Katuba kumwambia kwamba imebaki ile ya zamani tu. Alisimamisha cherehani.

“Ile yenye iliniua miguu?”

“Ile ile, yaya. Lakini na maji tatu.”

“Maji tatu! Unataka kunizalisha na supu.”

“Usikilize kwanza. Mutu akitia chumvi mukono muzima mu sombe, ni makosa ya chumvi?”

“Ni makosa ya mupishi.”

“Njo vile. Mara ya kwanza balikutilia mukono muzima.”

Alinyoosha kitambaa kwenye meza, polepole, mara mbili.

“Hiyo unaijua ya kweli, ao unaisoma?”

“Ya kweli minajua asema bamama bengi balikamata kandambili, minabaona na macho yangu. Muguu yako weye, siwezi kuapa.”

Nilingoja anifukuze. Badala yake alikanyaga pedali, akashona mshono mzima mpaka mwisho, akaukata.

“Ni docta wa kwanza kuniambia asema hawezi kuapa,” alisema. “Bon. Tutaenda.”

Uchungu ulimshika asubuhi ya baridi ya Juni. Mama mkwe alifika kabla yangu, sweta la sufu juu ya kitenge, mkoba mapajani, akakaa kwenye benchi la korido. Sikuweza kujua kama kuna kopo ndani.

Mkuu aliniuliza kama nina hakika nataka kumchoma ndugu yangu mwenyewe. Nikasema ninayo. Muuguzi alimkunja dada mgongo kama paka mwenye hasira, akamshika mabega. Mrija ukaingia. Nikatia tone la kujaribu, nikangoja, nikatia dozi yenyewe: moja kwa tatu.

Baada ya muda uso wake ulifunguka.

“Ah,” alisema. “Iko inaenda. Minasikia mutoto anasukuma, lakini haiumi.”

Nikampachika kandambili yake ya buluu kati ya vidole. Akaikamata. Akaichezesha juu, chini, juu, chini, macho amefunga.

Mama mkwe alichungulia mlangoni.

“Juu ya nini halii? Mwanamuke wa kuzala analia!”

“Muache, mama,” muuguzi alimjibu. “Anashona.”

Ilikwenda vizuri mpaka alasiri. Kisha maumivu yakarudi upande wa kulia, makali, upande mmoja tu, na dada yangu akanishika ukosi wa koti.

“Mudogo, nitakupiga! Ongeza! Ongeza ile dawa yenyewe, si supu!”

Mkuu alikuwa amesimama kando ya kitanda. “Mpe nusu kwa nusu,” alisema. “Apumzike. Amechoka.”

Ilikuwa amri ya huruma, na alikuwa na haki ya kuitoa. Nilishika bomba. Najua bomba hilo lingefanya nini: maumivu yangezimika kama taa, na kandambili ingeanguka, na baadaye mtu angefunga mkoba wake kwenye korido. Nilitazama mguu. Vidole vilikuwa vimebana kandambili mpaka vimegeuka rangi.

“Profesa, miguu bado anayo. Dawa imekaa upande mmoja. Naomba nimgeuze.”

“Dakika kumi,” alisema. “Baada ya hapo, nachoma mimi.”

Tulimgeuza alalie upande ule uliomuuma, mimi na muuguzi, huku anatutukana kwa Kiluba, lugha ya baba zetu ambayo siku zote alidai ameisahau. Nikaongeza kidogo, nguvu ile ile, moja kwa tatu. Nikatazama saa. Sijawahi kuuliza maswali mengi hivyo kimoyomoyo, na yote yalikuwa swali moja. Dakika ya saba matusi yakapungua. Dakika ya nane akaniachia koti. Dakika ya tisa akasema, kwa sauti yake ya kawaida ya Katuba: “Mudogo, minasikia kichwa. Iko hapa. Minaisikia!”

Mkunga akaangalia. Njia ilikuwa imefunguka yote.

Dada yangu aliinua kichwa, akaona sinia pembeni, na juu yake ventuzi iliyotayarishwa, kama kanuni inavyotaka.

“Mutoshe ile kikombe mu macho yangu!”

Mkuu wetu, ambaye wanafunzi wanamwogopa mpaka kwenye mtihani wanasahau majina yao, alichukua kitambaa akaifunika.

Dada akapachika mguu mmoja kwenye nyonga ya muuguzi na mwingine kwenye nyonga yangu, na akasukuma. Nimeona wanawake wengi wakisukuma. Sijui kama wote walikuwa na nguvu hizo na mimi sikuwa naangalia, au kama ni kwa sababu nyonga ilikuwa yangu. Alinirudisha nyuma hatua nzima. Alijua wapi, alijua lini, alipumzika yeye mwenyewe bila kuambiwa, akaanza tena. Mkunga alikuwa anamwambia asukume, “poussez, mama, poussez,” na dada yangu akamwambia anyamaze, anamchanganya. Mara ya nne kandambili iliruka ikampiga mkuu tumboni, na mtoto wa kiume akatoka amekunja ngumi, analalamika kabla hajamaliza kuzaliwa.

Mama mkwe hakungoja kuitwa. Aliingia na mkoba, akatupita mimi na mkuu kama tusiokuwepo, akasimama mbele ya muuguzi.

“Nani alizala?”

“Yeye. Miye nilikamata muguu tu.” Muuguzi alijishika kiuno. “Na alinipiga nao. Uangalie namna minatembea.”

Mama mkwe alimtazama anavyotembea. Kisha akafungua mkoba, na kopo likatoka. Hakupaka, alimwaga: shingoni, kifuani, juu ya nywele, mpaka dada yangu akapiga chafya mara tatu na shuka ikawa kama shamba la pamba.

“Ulizala, mwana yangu,” alisema. “Ulizala!”

Akapiga vigelegele. Korido ikajibu, na wanawake wa familia nyingine wasiotufahamu wakaja na makopo yao. Mashine ya kupima moyo ikawa nyeupe. Mkuu akawa mweupe nyusi. Mimi nilipakwa mpaka ndani ya masikio, na sikufuta. Siku dada alipotoka, alikataa teksi ipite barabara ya nyuma. Alipita mbele ya maduka yote ya Katuba, mweupe, dirisha limefunguliwa, na baridi ile.

Tasnifu yangu niliitetea mwaka uliofuata. Ilisema jambo dogo: kabla ya kuuliza dawa ipi, uliza maji kiasi gani, na hospitali isiyo na dawa mpya inaweza kuanza leo na ile iliyo kabatini. Mwalimu mmoja wa jopo aliuliza kama huo ni utafiti au mapishi. Kabla sijafungua mdomo, mkuu wangu alijibu kwamba ni vyote viwili. Leo kule kwetu inachanganywa moja kwa tatu, na kandambili zinashikwa, na muuguzi wangu anawafundisha vijana wapya akidai wazo lilikuwa lake. Nusu yake ni kweli.

Miaka mingine ikapita. Siku moja walihamisha madaftari ya zamani ya chumba cha kuzalia, na mimi niliyaomba kwa kazi nyingine kabisa. Nikifunua kurasa nilikutana na jina la dada yangu, kwenye tarehe ya mtoto wake wa kwanza. Mkunga wa zamu alikuwa ameandika kwa haraka, kwa Kifaransa, mistari miwili. Ventuzi ilibandikwa mara moja, ikachomoka, ikarudishwa kwenye sinia. Mama alisukuma, na mtoto akatoka kwa nguvu za mama peke yake.